Zamu ya Mzee Kwenye Njia Panda

Wadau, nilimpoteza shangazi wa mchumba wangu msituni, mchana kweupe. Na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu harusi yangu.

Kaeni vizuri niwasimulie.

Kazi yangu ni kuongoza watu kwa baiskeli za milimani. Tunaanzia uwanda wa juu, kule ambako hakuna mti, ni majani mafupi, upepo na kondoo wasiojali kengele. Kisha tunazama msituni. Njia ni tatu: kijani kwa wanaoanza, bluu kwa waliozoea kidogo, na nyeusi kwa wale waliochoka na magoti yao.

Wakwe watarajiwa walisema hawatoi jibu la posa mpaka waione hiyo kazi ya kupiga pedali. Jumamosi wakaja, wakaungana na wateja wengine wa siku hiyo: mchumba wangu, baba yake na shangazi.

Mzee ni seremala mstaafu. Akiingia sebuleni, hata redio hupunguzwa. Shangazi ni dada yake mkubwa, muuza vitambaa, na mdomo wake hauna breki.

Getini nikaeleza utaratibu. Mimi natangulia. Mwenzangu, tunayemwita Mkia, anakuja wa mwisho kabisa. Tukifika njia panda, anayenifuata anashuka, anasimama kama nguzo na kuwaonyesha wengine pa kupita. Haondoki mpaka Mkia apite.

"Hata mimi?" mzee akauliza.

"Kila mtu, mzee. Huku hakuna mkubwa."

Akatabasamu. Sikutilia maanani.

Uwandani mambo yalikuwa matamu. Shangazi anawapigia kondoo kengele na kupiga picha kila kichaka. Mzee amenifuata nyuma, mgongo wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Mchumba wangu yuko nyuma yake, anacheka peke yake.

Tukaingia msituni, tukafika panda. Kushoto kijani, kulia nyeusi. Vibao vya pale vimeliwa na ukungu, ndiyo maana tunasimamisha watu.

Nikageuka. Anayenifuata ni mzee.

Hapo akili ikaniruka. Baba mkwe mtarajiwa, umwambie ashuke asimame porini, na binti bado hujapewa? Nikaona huo ni utovu wa adabu wa hali ya juu.

"Twende tu, mzee," nikasema. "Wa nyuma watatuona."

Akaitazama ile panda, kisha akanifuata. Nikachukulia kuwa ni shukrani.

Tukashuka njia ya kijani hadi darajani, ambako njia zote hukutana, tukasubiri. Baada ya muda akaja Mkia na mteja mmoja aliyekuwa amekatikiwa mnyororo.

"Shangazi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si yuko na wewe?"

Kama hakupita kijani, basi kaingia nyeusi. Mizizi, mitaro, miteremko ambayo hata mimi huifanyia dua.

Mchumba wangu akaniambia taratibu, "Nenda kamlete shangazi. Bila yeye, na wewe usirudi."

Nikaipanda njia nyeusi kwa miguu, baiskeli nikaitupa. Kila nikiona kitu kimelala chini, moyo unanilipuka. Niliogopa kweli, wadau. Harusi niliisahau, nilitaka tu awe mzima.

Katikati ya mteremko nikamwona. Anashuka polepole, anasukuma baiskeli, matope mpaka masikioni, kiatu kimoja mkononi.

"Shangazi, umeumia?"

"Heshima yangu tu. Hivi ndivyo unavyowamaliza wanaokukataa?"

Nikaipokea baiskeli. Tukatembea kidogo, akauliza, "Mbona pale juu hapakuwa na mtu? Ni uzembe wa nani?"

Ningeweza kumsingizia Mkia. Ila yule mama alikuwa na kiatu kimoja.

"Ni wangu, shangazi. Zamu ilikuwa ya kaka yako, nikamwonea haya nikamruka."

Akasimama, akaniangalia, halafu akacheka mpaka akakaa kwenye gogo.

"Umemruka zamu? Basi jiandae."

Tulipofika darajani, mzee hayupo.

"Kachukua baiskeli yake," mchumba wangu akasema. "Kasema anarudi kidogo."

Nikasema leo imekula kwangu. Wawili kwa siku moja.

Tukapandisha njia ya kijani. Kule juu, kwenye panda, tukamkuta mzee amesimama, kofia imekaa sawa, mkono umenyooka kuelekea kushoto. Mbele yake vijana wanne wenye baiskeli za bei mbaya.

"Lakini mzee, sisi tunakwenda nyeusi."

"Leo mnapita huku."

Wakapita huku.

"Mzee, shangazi tumempata," nikamwambia. "Samahani sana. Tushuke."

"Mkia hajapita."

Ikabidi nimpigie simu Mkia, apande mlima wote, akihema kama injini mbovu, apite mbele ya mzee. Ndipo mkono ukashuka.

"Kijana," akasema, "nyumbani nikishika ufagio nanyang'anywa. Nikinyanyua kiti, wajukuu wanakimbilia. Wananiheshimu mpaka sina kazi. Leo uliposema kila mtu, nilifurahi kama mtoto. Halafu na wewe ukaniruka, na dada yangu akapotea."

Hakupandisha sauti. Bora angenifokea. Niliona aibu, nikakosa pa kuweka uso.

Shangazi akakohoa. "Mimi nilikuja na hapana yangu tayari. Lakini nimemuuliza kosa la nani, kasema lake, na mwenzake wa kumsukumia alikuwepo. Huyu mpeni."

Mzee akavaa glavu zake.

"Binti utapewa," akasema. "Ila Jumamosi ijayo nakuja, na hii panda ni yangu."

Tulishaoana. Mzee hakosi Jumamosi, na wateja wa njia nyeusi siku hizi inabidi wambembeleze kwanza ndipo awaruhusu.

Nilichojifunza ni kimoja tu. Kabla hujampumzisha mzee wako, muulize kama amechoka.