Binti wa Nyumba Ile

Katika nyumba niliyofanyia kazi Ghuba, Uarabuni, neno "binti" halikuwa na maana ya mtoto. Watoto waliitwa kwa majina yao. Binti nilikuwa mimi: "Binti, chai!" "Binti, nani kaacha taa?" Mama mwenye nyumba alikuwa Mwarabu mwenye asili ya Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko hiki changu cha Mombasa, na hakuwahi kuniita vingine.

Mama yangu alipofariki, nilimwomba pasipoti yangu nirudi nyumbani. Ilikuwa kabatini mwake, na ufunguo anao yeye. Akaniambia, "Subiri bwana arudi safari, mimi sina amri." Bwana alirudi mwezi uliofuata.

Siku hizi natunza wazee Walthamstow, London. Mwaka jana shoga yangu mmoja, muuguzi, alinikokota hadi ukumbi fulani Stratford kumsikiliza mgeni akizungumzia wanawake na siasa katika nchi za Kiarabu. Mgeni akapanda jukwaani. Alikuwa yeye, yule mama mwenye nyumba, sasa mjumbe wa baraza la mji wao.

Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alipogombea, mabango yake yalichanwa, na shemeji zake wenyewe walimnyima kura. Akasema mwanamke mzima hapaswi kuomba ruhusa ya kusafiri kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga, maana ni kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ulipofika wakati wa maswali nikasimama. Nikauliza:

"Na mwanamke anayekufanyia kazi nyumbani, pasipoti yake anaiweka nani?"

Nilitaka aseme neno moja tu mbele za watu: mimi.

Akanikazia macho, akanitambua, uso ukamchanua. "Jamani," akauambia ukumbi, "huyu ni binti yangu!" Akashuka, akanikumbatia, ananukia udi ule ule. Makofi yakazidi ya mwanzo. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anajifuta machozi. Swali langu likafia hapo.

Kwenye treni shoga yangu akanitania. "Msiri wewe! Kumbe una mama Uarabuni, umenificha miaka yote."

"Mama yangu yuko Kisauni, Mombasa," nikamwambia. "Kaburi lake nilionyeshwa na majirani."