Nafasi Isiyorukiwa

Nianze kwa kutenganisha ninalolijua na nililosimuliwa. Jibu la binti yangu nalijua kutoka kinywani mwake. Hasira ya msimamizi wake nilisimuliwa tu, na masimulizi siyaamini upesi.

Binti yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya Minneapolis. Kitengo chake kilikuwa kinafungwa, na kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea kazi hiyo. Ijumaa msimamizi alimwita, akampa nafasi ya kuongoza wodi nyingine. Naye akajibu kama tulivyomlea kule Moshi, Tanzania: "Ninashukuru. Naomba nikashauriane na baba yangu."

"Ulijibu kwa adabu," nilimwambia tulipokuwa tukila nyumbani, Saint Paul.

Simu ikalia. Alikuwa Mkenya anayefanya naye kazi, na sauti yake ikajaa sebule nzima.

"Wewe dada, umerogwa? Bosi anasema huku-*jump at it*! Anatafuta mtu mwingine! Ati utauliza baba. Kwani baba ndiye ana-run wodi?"

"Baba anakusikia," binti yangu akasema.

"Woi! Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Wewe ulimsikia bosi akisema hayo?"

"Hapana, mzee. Niliambiwa."

Msemo ule wa Kiingereza, *jump at it*, niliufundisha darasani miaka mingi: kuirukia fursa, yaani kuipokea papo hapo, kwa shauku iliyo wazi. Kwetu anayekirukia kitu anachopewa huonekana mwenye njaa. Hapa anayesita huonekana hataki. Nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyeambiwa, lakini niliisukuma sahani kando.

Jumatatu asubuhi tulipanda treni pamoja. Theluji ilikuwa ikianguka. Niliogopa kumtazama binti yangu, asije akaona ninachowaza: sanduku lake, uwanja wa ndege, kurudi mikono mitupu.

Niliketi kwenye korido, mbele ya ofisi ya msimamizi. Mlango ulikuwa wazi. Msimamizi mwenyewe, mama mmoja, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, wala hakutabasamu. Mwanangu, ambaye tangu utotoni hajapata kuingia kwa mtu bila salamu, hakusalimu. Aliketi kabla ya kukaribishwa kiti.

"Kazi hiyo naitaka," alisema kwa Kiingereza. "Naitaka leo."

Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Kisha msimamizi akainuka, akaufunga mlango; yaliyofuata ndani nitasimuliwa tu.