Msalaba Kando ya Jina la Bibi

Likizo ile bibi aliniomba nimsindikize kutoka Kalenga hadi misheni. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mdogo wake alifia njiani, au alifika? Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza shangazi yao alimchukua binti yule wakakimbilia upande wa Mbeya, na tangu hapo kimya. Kila Novemba bibi alimtaja kanisani pamoja na marehemu, lakini aliniambia ulimi huwa mzito.

Katekista alifungua kitabu cha ubatizo. Mwandiko wa mapadri wa zamani ulikuwa mwembamba, umelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Akalipata jina. Kando yake palikuwa na msalaba mdogo wa wino.

"Pole, mama," akasema. "Msalaba ndio huo. Alifariki."

Bibi akaketi sakafuni, akaanza kulia kwa Kihehe, kilio cha msibani kabisa. Mimi mbele ya watu hata maji siwezi kuomba. Niliinamia kitabu ili nisitazamwe, na hapo, juu kidogo ya jina lile, nikaona jina la bibi mwenyewe. Nalo lina msalaba.

Nikamwuliza katekista, "Mwalimu, na bibi naye alikufa?"

Katekista akainama, akatazama, akajikuna kichwa. Kilio kikakatika.

"Nani kafa?"

"Wewe, mama. Hapa pana msalaba wako."

"Basi mzimu umekuja kwa miguu toka Kalenga, na magoti yanauma!"

Misalaba ilijaa karibu ukurasa mzima. Bibi ndiye aliyekumbuka: askofu alipita, akawapaka mafuta, akawapiga kofi dogo shavuni, na mdogo wake akataka kumrudishia. Kumbe misalaba ilikuwa alama ya kipaimara!

Tukasoma pembeni. Kwa bibi paliandikwa neno fupi la Kilatini, jina la babu, na Kalenga: ndoa yake. Kwa mdogo wake palikuwa na neno lilelile, jina la mwanamume tusiyemjua, Mbeya, na mwaka wa baada ya vita. Katekista alisema padri akifungisha ndoa hupeleka habari misheni ulikobatizwa.

Mkono wa mtu ambaye huenda naye alishakufa ulituwekea habari ile miaka yote, na bibi, asiyejua kusoma, kwa kuishi kwake tu ndiye aliyetupa njia ya kuielewa.

Akaomba jina la yule mwanamume lisomwe tena na tena, mpaka likamkaa mdomoni.

"Shemeji huyu," akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Kamwoa mdogo wangu, hata jembe moja la mahari sijaliona!"

"Lakini mama," katekista akasema taratibu, "kama leo bado yu hai, kitabu hakisemi."

"Hilo nitakwenda kumwuliza mwenyewe."