Taji la Mahafali

Kabla ya Krismasi nilikuwa kwenye kibanda cha video, Majengo, alipoingia mama mmoja kutoka Kibosho na kanda ya mahafali ya mwanawe huko Marekani. Chuo chenyewe, alituambia, ni kichanga kuliko mibuni yake. Kijana akaitwa, akapewa mkono na cheti, akashuka jukwaani peke yake.

"Mbona hakuna anayemvisha taji?" mama akauliza.

"Wazungu hawana hiyo, mama," mwenye kibanda akajibu.

"Kwani yule ni Mzungu?"

Akatoa kikapuni taji la karatasi za kumetameta, akaivisha runinga. Mwenye kibanda akasimamisha picha.

"Msiliguse," mama akasema akiondoka. "Atakuja kulivua mwenyewe."

Hadi leo tunatazama mpira taji likiziba magoli ya upande wa kushoto, na hakuna anayelalamika.