Taji la Nne na Bega la Binti Yangu

Mwaka jana nilikuwa nyumbani Voi na binti yangu, tukitazama fainali ya tenisi kwenye runinga. Mchezaji tuliyempenda alikuwa na mataji makubwa matatu kati ya manne ya dunia, na siku hiyo akachukua la nne. Niliruka kwa furaha. Binti yangu hakusogea.

Alipokuwa mdogo nilimfundisha mwenyewe kwenye uwanja wa vumbi kule Mraru, nikimwambia atayashinda yote manne. Sasa ni mwalimu, na mkono wake wa kulia haufiki juu ya ubao.

"Baba, nilikuambia bega linauma," akasema.

"Nilidhani ni uvivu."

"Ukasema niendelee, nikaendelea."

Nikamwomba msamaha kwa mara ya kwanza. Aliinuka, akaenda jikoni kupika chai.