Mteremko wa Mbuba

Tangu mumewe afariki na binti yake aolewe Biharamulo, Eufrazia wa kijiji cha Mbuba alikwenda kanisani peke yake kila Jumapili, kwa miguu. Wakimbizi walipoingia kwa maelfu, barabara nayo ilijaa baiskeli zenye mikungu ya ndizi za kuuzwa kambini kwao, zikiteremka kwa kasi bila breki. Moja ilimgonga nyonga. Tangu siku hiyo alipita kwenye majani ya kando, kitenge kikilowa umande hadi magotini.

Asubuhi moja mwendesha baiskeli mmoja alisimama nyuma yake, akashuka.

“Shikamoo, mama. Rudi barabarani. Nitasukuma baiskeli upande wa nje, hawatakugusa.”

“Marahaba, mwanangu. Hutachelewa kambini?”

“Hakuna anayenisubiri.”

Alikuwa Minani, mkimbizi kutoka Burundi. Kila Jumapili akawa anamngoja juu ya mteremko, wanashuka pamoja wakizungumza, yeye kwa Kirundi, Eufrazia kwa Kihangaza cha kwao kinachofanana nacho, na wanaelewana.

Kisha kambi ikafungwa, wakimbizi wakarudishwa kwao. Minani hakupata hata nafasi ya kuaga. Jumapili iliyofuata barabara ilikuwa tupu. Eufrazia alitembea katikati yake bila hofu, akafika kanisani kabla ya watu wote, akakaa nje kungoja mlango ufunguliwe.