Namba Zilizokataa Kufuatana

Mdogo wangu aliingia sekretaria, kibanda ninapochapia watu kazi zao, asubuhi na kle, ile flashi ya kompyuta, mkononi, hata hakunisalimu. Direkta wake, mwalimu anayesimamia kazi yake ya kumaliza masomo ya uuguzi, alikuwa ameirudisha mara ya pili. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba namba za vichwa hazifuatani. Na mwisho wa kuweka vitabu vya kazi hizo chuoni ulikuwa siku ile ile, saa tisa alasiri. Asiyeweka hatetei kazi yake mbele ya walimu, anangoja mwaka mwingine.

Namba zile niliziandika mimi.

Kazi ilikuwa imepita sekretaria tatu. Umeme ukikatika Bagira, alipeleka kle Kadutu. Kadutu wakikosa, alikuja kwangu. Kila mahali walifungua hesabu yao ya namba, mpaka sura ya tatu ikaanza tena kuitwa ya kwanza. Nilipoona hivyo, nilifanya tunachofanya wote: nilifuta namba za mashine, nikaandika zangu kwa mkono. Zilipendeza. Kisha direkta akataka sehemu moja itoke sura ya tatu iende ya pili, na namba zangu zikabaki zinasema uongo.

Kazi hii nilijifunza kwa kuangalia vidole vya mwenye sekretaria, baada ya mama kumfuata baba kaburini na mimi kuacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikiwa na wadogo wanne nyuma yangu. Kwangu kichwa kilikuwa herufi nene na mstari chini. Kwamba mashine inataka kuambiwa hiki ni kichwa kikubwa, hiki kidogo, nilijua nimechelewa.

“Yaya, andika tu na mukono, tumalize,” alisema. Yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

“Na akikuambia tena uhamishe?”

“Hataniambia. Ye mwenyewe amechoka.”

“Na miye sijachoka?”

“Weye unachokaka? Sijaonaka.”

Nilifuta namba zote, kurasa zote. Halafu nilirudi mwanzo, nikaweka kila kichwa kwenye daraja lake, kimoja kimoja, yeye akinisomea kutoka kwenye karatasi. Mgongo uliniuma. Papa mmoja, mteja wa makamo aliyengoja barua yake ya kuomba kazi aliangalia mbele, akaangalia saa.

“Maman, hiyo kazi iko ya kuandika ao ya kuzaa?”

“Ya kuzaa, papa. Ngoja kidogo, utabeba mutoto.”

Alicheka, akasogeza kiti chake.

Saa saba niliwasha namba, hesabu moja kwa kitabu kizima. Utangulizi ukajiita sura ya kwanza, na sura ya kwanza ikawa ya pili. Mdogo wangu akafunika uso kwa mikono. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Niliuvua utangulizi namba yake, nikauacha uwe kichwa kisicho na hesabu, na sura zote zikarudi mahali pake. Nikahamisha sehemu moja kwa kujaribu: zilizofuata zikajipanga zenyewe. Nikairudisha. Mwishoni nikaiambia mashine itengeneze table des matières, orodha ambayo siku zote nilikuwa naichapa mwenyewe, nukta kwa nukta.

Printa ilikwama mara mbili. Aliondoka kwa pikipiki saa nane na nusu, nakala zikiwa bado za moto kifuani mwake. Nikamwandikia papa barua yake, nikamwomba radhi.

Mdogo wangu alirudi na muhuri kwenye nakala yake.

“Wamesoma?” nilimuuliza.

“Apariteri, ule mwenye kupokeaka vitabu, alifungua table des matières tu. Akafwata namba na kidole mupaka chini, akapiga muhuri.”

Kazi ya siku nzima, imepimwa kwa kidole kimoja. Nilianza kuvua viatu chini ya meza.

“Siku ya kutetea,” alisema, “wataomba wazazi wasimame. Utavaa kikwembe gani?”

Nilimwambia kile kitenge cha kijani, kama bado kinanitosha.